Ahadi ni Deni: Uhakiki wa Noti za Ukumbusho wa Wanamichezo

0. Utangulizi

Waswahili husema ahadi ni deni. Methali hii tumeizoea midomoni mwa wazee wanapomkumbusha kijana neno alilolitoa. Lakini ipo karatasi moja ambamo maana yake si ya mithali tu, bali ni ya kisheria, nayo ni noti ya benki. Kwa asili yake noti si mali yenyewe. Ni maandishi ambayo kwayo benki inajifunga kumlipa yeyote atakayeileta. Noti za Uingereza zina maneno ya ahadi hiyo hadi leo. Kwa hiyo anayeishika noti ni mdai, na aliyeitoa ni mdaiwa.

Katika miongo ya karibuni benki mbalimbali duniani zimetoa noti za kuwaenzi wanamichezo. Nyingine zilikuwa fedha za matumizi ya kila siku. Nyingine zilichapwa kwa idadi maalumu, zikanunuliwa kwa haraka na kufungiwa makabatini. Makala haya yanakusudia kuzihakiki noti tatu za namna hiyo: ya Ufini yenye picha ya Paavo Nurmi, ya Ireland ya Kaskazini yenye picha za George Best, na ya Fiji yenye timu ya raga iliyoshinda Olimpiki. Swali letu ni moja: noti inapobeba uso wa mwanamichezo, inamwahidi nani, na ahadi hiyo inalipwa lini?

Msomaji anaweza kushangaa kuona suala hili katika kurasa za taaluma ya Kiswahili. Tunajibu kwamba noti ni matini. Ina maneno, picha, tarakimu na saini. Ina mtunzi na ina hadhira. Ina fani na ina maudhui. Wala hakuna matini inayosomwa na watu wengi kuliko hiyo, hata na wasiojua kusoma. Tena lugha yetu yenyewe inatupa mahali pa kuanzia. Neno sarafu limetokana na shina la Kiarabu lihusulo kubadilisha fedha. Katika neno hilo, fedha ni kitu kinachobadilishwa, kinachotoka mkono huu na kuingia mkono ule. Tuishike maana hiyo, maana tutairudia.

1. Aina tatu za noti

Kabla ya kuendelea yafaa tutofautishe. Aina ya kwanza ni noti ya kawaida, ambayo serikali imeamua kuipamba kwa picha ya mwanamichezo. Aina ya pili ni noti ya ukumbusho: ni fedha halali, lakini imetolewa kwa tukio fulani na kwa idadi yenye mpaka. Aina ya tatu ni karatasi iliyofanana na noti tu. Mfano wake unaojulikana zaidi ni ile karatasi ya yuro sifuri iliyoanza kuuzwa Ufaransa mwaka 2015. Watalii huinunua kwa yuro chache, ingawa tarakimu iliyochapwa juu yake ni 0. Karatasi hiyo ina unyofu wake: imesema waziwazi kwamba haiahidi kitu, na pasipo ahadi hakuna deni.

Aina ya pili ndiyo yenye utata. Mtu anunuapo noti ya ukumbusho kwa thamani iliyoandikwa, kisha akaiweka ndani ya kitabu asiitoe tena, amekwisha kuipa benki fedha zake na hatadai chochote. Deni limebaki katika vitabu vya benki, lakini mdai hatakuja. Kwa benki kuu huo ni mfano wa mkopo usio na riba wala tarehe ya kurudishwa. Pengine hata thamani iliyoandikwa haizingatiwi. Mwaka 2022, kwa ajili ya Kombe la Dunia, Qatar ilitoa noti ya riyali 22 iliyouzwa kwa riyali 75. Nchini Uingereza sheria inazidai benki za biashara zinazotoa noti ziweke dhamana kwa ajili ya noti hizo, na hivyo faida yao ni ndogo zaidi. Hata hivyo zinapata kitu kingine chenye thamani, yaani jina lao kutajwa pamoja na jina linalopendwa na watu.

Hatusemi kwamba jambo hili ni udanganyifu. Mnunuzi anajua anachokifanya, na furaha yake ni ya kweli. Tunachosema ni kwamba heshima ya namna hiyo ina mlipaji, naye si benki, ni mshabiki.

2. Nurmi: uso uliopita mikononi

Paavo Nurmi alizaliwa mjini Turku mwaka 1897. Katika Michezo ya Olimpiki ya 1920, 1924 na 1928 alipata medali 9 za dhahabu na 3 za fedha. Mjini Paris mwaka 1924 alishinda mbio za mita 1500 na za mita 5000 katika siku moja. Alifariki mwaka 1973. Benki ya Ufini ilipotoa noti za mfululizo wa 1986, ilimweka yeye kwenye noti ya markka 10, na upande wa nyuma ikaweka Uwanja wa Olimpiki wa Helsinki, mahali ambapo mwaka 1952 aliingia na mwenge mbele ya umati.

Kwa upande wa fani, noti hii haina makuu: uso mbele, uwanja nyuma. Nguvu yake imo katika daraja aliyopewa shujaa huyu. Noti ya markka 10 ilikuwa ndogo kuliko noti zote za mfululizo ule. Ndiyo iliyonunua mkate na kahawa, ndiyo iliyokunjwa mifukoni na kurudishwa kama chenji. Kwa miaka kadhaa Nurmi aliyekimbia katika viwanja alikimbia pia katika mikono ya Wafini, wakubwa kwa wadogo, wala hakuna aliyelazimika kumnunua ili amwone.

Katika maudhui, hata hivyo, ipo kejeli ambayo noti haisemi. Mwaka 1932 Nurmi alizuiwa kushiriki Olimpiki ya Los Angeles kwa sababu alituhumiwa kupokea fedha kinyume cha kanuni za michezo ya ridhaa. Aliadhibiwa kwa ajili ya fedha, kisha akafanywa kuwa fedha. Mhakiki anaweza kuuona huu kuwa unafiki. Sisi tunauona pia kuwa malipo ya namna fulani. Taifa lililomwona akifungiwa mlango kwa ajili ya fedha lilikubali kwamba uso wake ndio utakaothibitisha kuwa fedha ni safi.

Markka iliondoka ilipoingia yuro mwaka 2002. Tarehe 29 Februari 2012 ilikuwa ya mwisho kwa Benki ya Ufini kuzibadilisha noti za zamani. Kuanzia hapo Nurmi wa markka 10 hana anachoweza kununua. Amekuwa kitu cha wakusanyaji kama wenzake. Tofauti ni kwamba yeye alitumika kwanza, kisha akahifadhiwa. Ahadi yake ilikwisha kutimizwa mara nyingi zisizohesabika kabla ya kufungwa.

3. Best: mtumiaji kwenye noti isiyotumika

George Best alizaliwa Belfast tarehe 22 Mei 1946, akafariki London tarehe 25 Novemba 2005. Mwaka 1968 aliisaidia Manchester United kutwaa Kombe la Ulaya, na mwaka huohuo akapewa tuzo ya mchezaji bora wa Ulaya. Aliichezea Ireland ya Kaskazini mara 37 na kuifungia mabao 9, ingawa hakupata kamwe kucheza katika Kombe la Dunia. Aliondoka Manchester United mwaka 1974, akiwa na umri wa miaka 27. Pombe ilimharibia kazi na mwili; mwaka 2002 alipandikizwa ini jipya.

Mwaka mmoja baada ya kifo chake, Novemba 2006, Ulster Bank ilitoa noti ya paundi 5 yenye picha zake, katika jezi ya Ireland ya Kaskazini na katika jezi ya Manchester United. Zilichapwa noti milioni 1. Zilimalizika katika muda wa siku chache, na punde zikaanza kuuzwa kwa bei iliyozidi paundi 5. Noti hii ilikuwa na ndugu aliyeitangulia. Mwezi Julai 2005 Royal Bank of Scotland, benki iliyoimiliki Ulster Bank, ilikuwa imetoa noti milioni 2 za paundi 5 kumwenzi Jack Nicklaus, Mmarekani bingwa wa gofu, alipocheza mashindano yake ya mwisho ya Open huko St Andrews. Noti ile ilisifiwa kwa kumweka mtu aliye hai ambaye si wa ukoo wa kifalme.

Tuanze na sifa ya noti ya Best, maana inayo. Ireland ya Kaskazini ni nchi ambayo kwa miongo mingi Waprotestanti na Wakatoliki walivutana hata juu ya bendera na majina ya mitaa. Kumpata mtu ambaye uso wake ungekubaliwa na pande zote mbili lilikuwa jambo gumu. Best, mtoto wa mtaa wa Waprotestanti, alipendwa na pande zote. Mwaka 2006 uwanja wa ndege wa jiji la Belfast ulipewa jina lake, na noti ilifuata njia hiyohiyo. Kwa hiyo waliopanga foleni kuinunua hawakuwa wakusanyaji tu. Wengi walikuwa watu waliotafuta kitu kimoja ambacho wangeweza kukipenda pamoja na jirani zao.

Lakini hapa ndipo kasoro ilipo. Best alikuwa mtumiaji mkubwa wa fedha. Upo mzaha maarufu unaonasibishwa naye kwamba sehemu kubwa ya fedha zake aliitumia kwa pombe, wanawake na magari, na iliyobaki akaitapanya. Mtu huyo amewekwa kwenye noti ambayo sharti lake lisiloandikwa ni kutotumiwa. Anayeinunulia mkate ameipunguzia thamani, anayeikunja ameijeruhi. Mtu ambaye hakujua kuweka amefanywa kuwa akiba.

Labda mtu atasema kwamba hiyo ni bahati mbaya tu ya maumbile ya noti za ukumbusho. Sisi tunaona kwamba ni zaidi ya hapo. Noti inaonyesha mwili wa kijana wa miaka ya sitini na kuunyamazia mwili wa mzee aliyekufa hospitalini. Adabu inatukataza kuyataja maovu ya marehemu, na hatuidai noti iwe hospitali. Hata hivyo noti milioni 1 zilipouzwa, jambo ambalo maisha yake yalitufundisha, yaani jinsi umaarufu na fedha vinavyoweza kumla kijana asiye na wa kumshika mkono, halikupata nafasi hata ndogo. Ahadi iliyoandikwa pale ni ya paundi 5. Ahadi kwa vijana wengine wenye kipaji kama chake haikuandikwa.

4. Fiji: noti ya saba

Tarehe 11 Agosti 2016, mjini Rio de Janeiro, timu ya Fiji ya raga ya wachezaji saba iliifunga Uingereza 43 kwa 7 katika fainali. Ilikuwa medali ya kwanza ya Fiji katika historia yote ya Olimpiki, nayo ilikuwa ya dhahabu. Mwaka 2017 Benki ya Akiba ya Fiji ilitoa noti ya dola 7. Upande wa mbele yumo nahodha Osea Kolinisau akiwa na mpira. Upande wa nyuma wamo kocha Ben Ryan na timu.

Kifani, noti hii imezipita zote tulizozitaja, na sababu yake ni tarakimu. Katika noti nyingine picha ingeweza kubadilishwa na thamani ikabaki ileile. Hapa thamani yenyewe ndiyo habari. Saba ni idadi ya wachezaji uwanjani, na noti ya saba haikupata kuwako katika fedha za nchi hiyo. Kila anayeitumia hana budi kuifikiria: saba na tatu ni kumi, saba na saba ni kumi na nne. Muuza samaki sokoni analazimika kuikumbuka timu kila anapotoa chenji. Fani na maudhui vimekuwa kitu kimoja, jambo ambalo tunawafundisha wanafunzi wetu kulitafuta katika shairi na mara chache wanalipata.

Kimaudhui pia noti hii ina uzito. Mwaka 2013 Fiji ilikuwa imeanza kutoa noti mpya zisizo na picha ya Malkia wa Uingereza, na mahali pake ikaweka mimea na wanyama wa visiwa hivyo. Miaka minne baadaye nyuso za wanadamu zilirudi. Hazikuwa za watawala, bali za vijana waliokuwa hai na ambao watu waliwaona barabarani. Tena hawakuwa mtu mmoja. Hata kocha, ambaye ni Mwingereza, amewekwa pamoja na timu yake, si juu yake.

Tuilinganishe na noti ya rubo 100 iliyotolewa na Urusi mwaka 2018 kwa ajili ya Kombe la Dunia, nakala milioni 20 za plastiki. Juu yake mtoto mwenye mpira kwapani anaiwazia taswira ya Lev Yashin, mlinda mlango aliyefariki mwaka 1990, akiruka kuudaka mpira. Ni picha nzuri, na wazo la kumweka mtoto mbele ya shujaa ni la busara, kwa kuwa linaielekeza heshima kwa wanaokuja. Lakini mtoto yule hana jina, na shujaa hayupo tena. Noti ya Fiji imewaheshimu watu ambao bado wangeweza kuuliza: je, mmetulipa?

5. Uso, imani na deni letu

Wasomaji wa Kongo wana sababu yao ya kulitazama jambo hili kwa makini. Sisi tumeishi na uso kwenye fedha. Wakati wa Zaire, noti zilibeba picha ya Mobutu na kofia yake ya chui. Mwishoni mwa mwaka 1992 ilitolewa noti ya zaire milioni 5. Waziri Mkuu Tshisekedi alitangaza kwamba si halali, wafanyabiashara wakaikataa, na mwezi Januari 1993 askari waliolipwa kwa noti hiyo wakaasi mjini Kinshasa. Oktoba mwaka huohuo ilipoingia zaire mpya, moja kwa milioni 3 za zamani, watu wa Kasai waliikataa na kuendelea kuzitumia zile ambazo kwingine zilikwisha kufa. Tulijifunza hapo kwamba uso hauipi noti thamani. Watu ndio huipa, kwa kukubali kuipokea.

Hata leo hapa Lubumbashi tunaishi kwa sheria mbili. Faranga iliyochakaa inapita; dola yenye mpasuko mdogo inarudishwa kwa mwenyewe. Faranga tunaitendea kama fedha, dola tunaitendea kama wakusanyaji wanavyoitendea noti ya Best. Imani inapopungua, watu huangalia karatasi badala ya ahadi.

Je, sisi tuna wanamichezo wa kuwekwa kwenye noti? Tunao. Mwaka 1974 Léopards walitwaa Kombe la Afrika nchini Misri. Ndaye Mulamba alifunga mabao 9 katika mashindano hayo, rekodi ambayo haijavunjwa hadi sasa. Mwezi Juni mwaka ule walikwenda Ujerumani Magharibi, wakafungwa 2 na Uskoti, 9 na Yugoslavia na 3 na Brazil. Wachezaji walisimulia baadaye kwamba fedha walizoahidiwa hawakuzipata. Mwezi Oktoba mwaka uleule, Muhammad Ali na George Foreman walipigana Kinshasa, na kila mmoja aliahidiwa dola milioni 5.

Yaliyompata Mulamba yanatosha kuwa uhakiki wa heshima zote za namna hii. Mwaka 1994 alivamiwa na kupigwa risasi mguuni, kisha akaishi uhamishoni Afrika Kusini katika ufukara. Mwaka 1998, wakati wa Kombe la Afrika nchini Burkina Faso, watu walisimama kimya dakika moja kwa ajili yake, kwa kuwa habari zilienea kwamba amekufa. Alikuwa hai. Heshima ilimfikia kaburini ambako hakuwako, na haikumfikia pale alipokuwa. Alifariki mwaka 2019.

6. Hitimisho

Kutokana na tuliyoyaeleza, tunapendekeza vipimo vitatu vya kuihukumu noti ya ukumbusho wa mwanamichezo. Kwanza, je, inatumika? Nurmi amefaulu, Best ameshindwa. Pili, je, fani yake inasema jambo ambalo picha nyingine yoyote isingelisema? Hapo Fiji imefaulu kuliko wote. Tatu, na hiki ndicho kipimo kikubwa, je, aliyeitoa amekwisha kulilipa deni lake kwa mtu aliyemchapa, au anaichapa ili deni lisahauliwe?

Siku moja huenda Kongo nayo ikatoa noti ya Léopards wa 1974. Hatutaipinga, wengi wetu tutaitafuta. Lakini tungependa iwe noti ndogo, ya kununulia mkate, ipite sokoni hadi ichakae, na iwe na majina ya timu nzima. Na kabla ya mashine ya kuchapa kuwashwa, pafanyike kazi nyingine isiyo na picha: kuwatafuta wachezaji wa timu ile walio hai, na jamaa za waliokufa, na kuwalipa walichoahidiwa. Noti ni ahadi, na ahadi ni deni. Deni la zamani halilipwi kwa kuandika ahadi mpya.